Nyaya Nane za Köln

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa kanuni ya Ohm, hujibu kabla swali halijaisha: volti ni sawa na ampea mara omu. Jibu ni sahihi. Lakini mpe betri mbili za tochi na glopu mbili, kisha umwulize kwa nini glopu ya kwanza inafifia kidogo pale ya pili inapounganishwa sambamba nayo. Wengi hukwama hapo, kwa sababu fomula waliyoikariri inaanza na volteji ambayo tayari ipo, haihoji imetoka wapi wala kama itabaki ilivyo. Georg Simon Ohm hakuanzia hapo. Tukifuatilia jinsi alivyopima mwaka 1826, tunaona kwamba kanuni yake ya awali ilikuwa na herufi moja zaidi, na herufi hiyo ndiyo yenye jibu la swali la glopu.

Ohm alizaliwa Erlangen, Ujerumani, mwaka 1789, mtoto wa fundi wa makufuli. Kuanzia 1817 alifundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya Köln, shule iliyokuwa na maabara nzuri kwa wakati ule. Alichotaka kujua kinasikika rahisi: waya ukiongezwa urefu, mkondo wa umeme unapungua kwa kiasi gani? Leo swali hilo ni la kipindi kimoja cha maabara. Kwake halikuwa hivyo. Hapakuwa na ammita wala voltimita, na vizio vya volti, ampea na omu havikuwa vimebuniwa. Palikuwa na betri ya kikemikali, ambayo Volta aliitangaza mwaka 1800, na ugunduzi wa Ørsted wa mwaka 1820 kwamba waya unaopitisha umeme huigeuza sindano ya sumaku iliyo karibu nao. Basi.

Jaribio lake la kwanza lilimpotosha. Alitumia chanzo cha kikemikali, na chanzo cha namna hiyo kilikuwa kigeugeu: sakiti ikifungwa tu, nguvu inakuwa kubwa, halafu inashuka huku mpimaji akiangalia, maana hidrojeni inayozalishwa hujikusanya juu ya bamba na kuzuia utendaji wa kemikali. Kwa hiyo sindano iliposogea, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama ni kwa sababu ya waya mpya au kwa sababu chanzo chenyewe kimechoka. Kutokana na vipimo hivyo Ohm alichapisha mwaka 1825 fomula ya kilogariti. Haikuwa sahihi. Hisabati yake haikuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa kwamba vitu viwili vilibadilika kwa wakati mmoja, naye alidhani kinabadilika kimoja.

Johann Christian Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, alimshauri aache kemikali na atumie joto. Miaka michache kabla, mwaka 1821, Thomas Seebeck alikuwa ameonyesha kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa kwenye ncha zote mbili, ncha moja ikipashwa moto na nyingine ikabaki baridi, umeme hupita. Umeme wa namna hiyo ni dhaifu sana, hauwashi hata glopu ndogo. Lakini una sifa ambayo Ohm aliihitaji kuliko nguvu: ukiishikilia tofauti ya joto isibadilike, msukumo wa umeme nao haubadiliki.

Naye aliishikilia kwa njia ambayo shule yoyote inaweza kuimudu. Alichukua kipande cha bismathi, akakiunganisha na shaba kwenye ncha zake mbili. Ncha moja aliiweka kwenye joto la maji yanayochemka, nyingine kwenye barafu inayoyeyuka. Maji yanayochemka hayapandi joto hata ukiongeza kuni. Barafu inayoyeyuka haipandi joto hadi iishe. Maumbile yenyewe yalimlindia nyuzi 100 upande mmoja na sifuri upande mwingine, muda wote aliohitaji. Kwangu mimi huu ndio uamuzi uliozaa kanuni. Yaliyofuata yalihitaji uvumilivu na usafi wa kazi, lakini bila chanzo kilichotulia, uvumilivu ungezaa namba nyingi zaidi zisizo na maana.

Kipimo chake nacho kilikuwa cha ustadi. Aliining'iniza sindano ya sumaku juu ya sakiti kwa utepe mwembamba wa metali. Umeme ulipopita, sindano iligeuka. Ohm hakusoma imegeuka kiasi gani. Aliusokota utepe kutoka juu mpaka sindano irudi mahali pake pa mwanzo, kisha akasoma amesokota kiasi gani. Tofauti yake ni kubwa. Sindano inaposomwa ikiwa imegeuka, uhusiano wake na waya hubadilika kadiri inavyozidi kwenda upande. Ikirudishwa palepale kila mara, mazingira ya kila kipimo yanafanana, na kiasi cha msokoto kinalingana moja kwa moja na nguvu ya mkondo.

Sasa nyaya. Zilikuwa nane, za shaba, unene mmoja. Urefu wake kwa inchi ulikuwa 2, 4, 6, 10, 18, 34, 66 na 130. Zitazame namba hizo taratibu. Toa 2 kwenye kila moja ya zile saba zinazofuata, zinabaki 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128: kila hatua ni maradufu ya iliyotangulia. Kwa nyaya nane tu alishika masafa mapana, kutoka waya mfupi kama kidole hadi mrefu wa zaidi ya mita tatu. Angetumia fupi peke yake, angedhani urefu hauna uzito mkubwa. Angetumia ndefu peke yake, angekaribia kudhani kwamba waya ukirefushwa maradufu, mkondo hupungua nusu, basi.

Katika mfululizo mmoja wa vipimo vya Januari 1826 alipata, kwa mpangilio huohuo wa nyaya, 326¾, 300¾, 277¾, 238¼, 190¾, 134½, 83¼ na 48½. Kutoka inchi 2 hadi inchi 4 urefu umekuwa maradufu, lakini mkondo haukushuka hadi 163. Umeshuka kidogo tu, kutoka 326¾ hadi 300¾. Kutoka inchi 66 hadi 130 urefu ni karibu maradufu tena, na safari hii mkondo umepungua sana, ingawa bado haujafika nusu. Ni nini kinachozifanya nyaya fupi zisionekane na ndefu zionekane?

Jibu la Ohm: mkondo ni sawa na a gawanya kwa jumla ya b na x. Hapa x ni urefu wa waya unaopimwa, a na b ni namba zisizobadilika ndani ya jaribio. Alipata b kuwa inchi 20¼, na kwa mfululizo huu a kuwa karibu 7285. Ijaribu mwenyewe. Kwa waya wa inchi 2: 7285 gawanya kwa 22.25 ni 327.4, naye alipima 326¾. Kwa inchi 10: 7285 gawanya kwa 30.25 ni 240.8, naye alipima 238¼, tofauti ya karibu moja kwa mia. Kwa inchi 130: 48.5, sawasawa na alichopima. Haya yote kwa sindano inayoning'inia, barafu na maji ya moto.

Hiyo b ndiyo herufi niliyoitaja mwanzoni. Ni ukinzani wa sehemu iliyobaki ya sakiti: bismathi yenyewe, vipande vya shaba na viungio. Vyote pamoja viliukinza umeme kama ambavyo ungekinzwa na inchi 20¼ za waya uleule wa shaba. Ukiongeza inchi 2 kwenye mzigo wa inchi 20, hujabadilisha sana. Ukiongeza 64 juu ya 86, umebadilisha.

Ohm hakuishia hapo, na hatua iliyofuata mara nyingi huachwa katika vitabu vya shule. Aliibadili tofauti ya joto, akaifanya ndogo sana, kisha akapima upya. Mikondo yote ilishuka. Alipotafuta a na b upya, a ilikuwa imepungua sana, b imebaki ileile. Kwa hiyo a inatokana na msukumo wa chanzo, b inatokana na umbile la sakiti, na kimoja kinaweza kuguswa bila kukigusa kingine. Mwaka 1827 aliyapanga yote katika kitabu kilichochapishwa Berlin, na mwaka 1841 Royal Society ya London ikamtunuku nishani ya Copley. Mkutano wa kimataifa wa wanaumeme uliofanyika Paris mwaka 1881 ulilipitisha jina lake kuwa kizio cha ukinzani.

Kwa alama za leo tunaandika: I = E ÷ (R + r). E ni msukumo kamili wa betri, R ni ukinzani wa kifaa, r ni ukinzani wa ndani wa betri. Turudi kwenye tochi. Chukulia betri mbili za volti 1.5 zikiwa katika mfuatano, kila moja na ukinzani wa ndani wa omu 0.5, na glopu ya omu 9. Mkondo ni 3 gawanya kwa 10, yaani ampea 0.3. Glopu inapata 0.3 mara 9, yaani volti 2.7. Volti 0.3 zilizobaki zinatumika ndani ya betri na kugeuka joto. Ongeza glopu ya pili sambamba: ukinzani wa glopu mbili unakuwa omu 4.5, mkondo wote ampea 0.55, lakini kila glopu inapata 0.27 badala ya 0.3. Ndiyo maana inafifia kidogo. (Namba 9 ni ya glopu iliyokwisha kuwaka. Waya wake ukiwa wa baridi ukinzani ni mdogo sana, kwa hiyo glopu si kifaa kizuri cha kuthibitishia kanuni hii.)

Betri zikizeeka, r hupanda. Tuseme kila moja imefika omu 3. Kwa glopu moja mkondo ni 3 gawanya kwa 15, ampea 0.2, na nishati inayotoka kwenye glopu kila sekunde inashuka kutoka wati 0.81 hadi 0.36. Ukizitoa betri hizo na kuzipima kwa voltimita bila mzigo, bado unaweza kusoma karibu volti 3, kwa kuwa voltimita huvuta mkondo mdogo mno na r haipati nafasi ya kujionyesha. Fundi anayeipima betri ya gari huku mwenzake akipiga stata anaijua kanuni hii kwa vitendo. Na hapo pia pana sababu kwa nini betri nane za tochi zilizofungwa mfululizo, ingawa zinatimiza volti 12, haziwezi kuwasha gari. Kwa omu 0.5 kila moja, jumla ya r ni omu 4. Hata ukiziunganisha ncha kwa ncha bila kifaa chochote kati yake, hazitatoa zaidi ya ampea 3, na stata inataka mamia au karibu yake. Betri ya gari ina r ya sehemu ndogo mno ya omu, ndiyo maana spana ikiangukia ncha zake mbili hutoa cheche na kuunguza mkono.

Ningependa mwalimu wa fizikia aanze na sakiti nzima namna hii, kisha ndipo afike kwenye V = IR kama habari ya sehemu moja ya sakiti hiyo. Jaribio la Ohm linarudiwa kwa betri mpya moja, ammita, swichi na mita moja ya waya wa nikromu uliolazwa juu ya rula. Gusa waya kwenye sentimita 20, 40, 60, 80 na 100, na kila mara ufunge swichi kwa muda wa kusoma tu, betri isichoke na waya usipate moto. Mwishoni rudia kipimo cha kwanza. Kama kimehama, chanzo chako hakikutulia na vipimo havifai. Kisha chora grafu ya 1 gawanya kwa I dhidi ya urefu. Utapata mstari ulionyooka usiopita kwenye sifuri. Urefushe kurudi nyuma mpaka uukate mhimili wa urefu upande wa hasi: umbali huo, kwa sentimita, ndiyo b ya betri yako pamoja na ammita na viungio vyake.