Mto Umekauka au Umekaushwa? Maumbile katika Hadithi za Kitisho na Maandishi ya Sayansi

Hunenwa mara nyingi kwamba hadithi za kitisho na maandishi ya sayansi hazipatani juu ya maumbile kwa kuwa hizo zasadiki mizimu na haya hayasadiki. Rai yangu ni kwamba tofauti iliyo kubwa zaidi imo katika sarufi: ni nani awekwaye kuwa mtenda wa sentensi.

Katika riwaya ya Mary Shelley, Frankenstein (1818), radi na milima ya barafu si pambo la mandhari. Zatisha na kuonya kama viumbe hai. Hata hivyo, nyuma ya kitisho chote yupo mtu aliyetenda, Victor, mwanafunzi wa elimu ya maumbile. Muhammed Said Abdulla naye, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), atuonyesha mahali paogopwapo. Kwa sarufi, mahali hapo ni "mzimu huu"; waogopao hunena kana kwamba ni "mzimu huyu". Bwana Msa haridhiki mpaka auaye awe binadamu mwenye jina.

Katavi yatupa mfano wa karibu. Wabende husimulia habari za Katabi, mwindaji ambaye roho yake hukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na wapitao huacha sadaka hapo. Katika masimulizi hayo nchi ina mwenyewe, nao watu hawana budi kumstahi. Kiangazi kinapokaza, Mto Katuma hunywea, viboko kwa mamia husongamana matopeni, na mamba hujificha katika mapango ya kingo. Mtunzi wa kitisho angesema: Katabi amekasirika. Mtaalamu hupima kina cha maji, kisha huandika: maji yamepungua, mto umekauka, makazi ya wanyama yameharibika.

Mtaalamu ana haki kumwondoa Katabi katika sababu zake. Lakini tutazame vitenzi vyake: kupungua, kukauka, kuharibika. Hakuna hata kimoja kidaicho mtenda. Kwa athari za jua vyafaa kabisa. Ila Katuma haunywewi na jua peke yake; sehemu ya maji huchepushwa huko juu ya mto, nje ya hifadhi, yaingizwe katika mashamba ya mpunga. Kwa sehemu hiyo, "umekauka" ni neno pungufu. "Umekaushwa" ndilo lisemalo kweli, kwani msomaji atauliza mara moja: na nani?

Huenda ikajibiwa kwamba kumtaja mtenda ni kumhukumu mkulima, naye ahitaji chakula. Sivyo. Kumtaja mtenda ni kueleza nani achukua maji, kiasi gani, kwa ruhusa ya nani. Pasipo maelezo hayo, lawama humwangukia mnyonge aliye karibu, au humrudia Katabi.

Kwa hiyo wafasiri wa ripoti zisomwazo Mpanda na vijiji vya Mkoa wa Katavi wachague kauli za vitenzi kwa uangalifu. Mtunzi wa kitisho hukosea jina la mtenda, lakini humtafuta. Mwanasayansi mwenye vipimo vyote mkononi hana udhuru wa kuacha kumtafuta.