Ardhi Tupu Katika Ramani ya Kinole

Kwa mchora ramani, ardhi tupu ni ile isiyofunikwa na mimea au iliyofunikwa kidogo tu. OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea, ina lebo za mwamba, mchanga, kokoto na vifusi vya mawe. Udongo mtupu ndio unaoleta mabishano, na Kinole mabishano hayo yana uzito.

Kinole iko upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru nchini Tanzania, upande wenye mvua nyingi, penye migomba, minanasi na viungo. Utupu wa kweli huko ni haba. Hata hivyo, picha za setilaiti huonyesha mabaka mengi mekundu miteremkoni. Sababu mojawapo ni mawingu: wakati wa masika hufunika milima, hivyo picha safi aghalabu ni za kiangazi, mashamba yakiwa yamevunwa au kufyekwa na kuchomwa. Ramani ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya, yenye pikseli za mita 10, huita ardhi tupu pale tu ambapo mimea haizidi asilimia 10 wakati wowote wa mwaka. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) huihesabu ardhi kuwa na mimea ikifikia walau asilimia 4 kwa miezi miwili. Kwa vipimo vyote viwili, shamba la mahindi la Kinole si ardhi tupu, hata kama siku ya picha halikuwa na jani.

Uhodari wa kutofautisha shamba na utupu wa kweli uko kwenye kingo. Shamba lina pembe. Mpaka wake hukutana na wa jirani, na kijia huliingia. Kovu la maporomoko halijali mpaka wa mtu: huanza kwa mkato wa upinde juu, hukata mashamba mawili matatu, kisha humwaga tope bondeni. Mwamba nao haubadiliki, kiangazi wala masika.

Makovu hayo yanastahili kuchorwa kwa uangalifu. Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyohiyo, mvua ya saa chache mnamo Februari 1970 iliangusha maporomoko zaidi ya 1,000, karibu yote kwenye mashamba na nyasi, machache mno msituni. Tope la miteremko hii huishia katika mito inayolisha Ruvu, ambayo Dar es Salaam hunywa maji yake.

Kuandika utupu juu ya shamba la mtu ni kosa zito kuliko kuacha mahali bila lebo, kwa maana atakayeisoma ramani akiwa mbali ataamini kuwa ardhi hiyo haina mwenyewe. Kwa hiyo mchoraji makini hulinganisha picha za misimu miwili, huandika tarehe ya picha aliyoitumia, na panapobaki shaka humwachia mwenyeji anayeweza kufika kwa miguu.