Kinachofanya Kitabu cha Nyumba Kiwe Adimu

Anayeanza kukusanya vitabu vya picha kuhusu nyumba na kazi za mikono za Afrika Mashariki hutangulia kutazama mwaka wa kuchapishwa. Cha 1860 atakigombania, cha 1975 atakirudisha rafuni. Hapa Nairobi mazoea hayo yana chanzo kinachoeleweka. Mkusanyaji wetu anayejulikana kuliko wote, Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya, husifiwa hasa kwa vitabu vyake zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya 1900, ambavyo viko katika Jumba la Kitaifa la Kumbukumbu, Moi Avenue. Sipunguzi sifa hiyo hata kidogo. Ninachodai ni kwamba kwa vitabu vya nyumba na ufundi, mwaka ni kipimo kinachopotosha. Kitabu cha aina hii hupata thamani yake kutokana na jinsi michoro yake ilivyopatikana, na huadimika kutokana na yaliyompata mchapishaji wake. Ukivitumia vipimo hivyo viwili, vitabu vilivyotungwa Nairobi katika miaka ya 1970 ndivyo vinavyofaa kutafutwa kwanza, kabla havijaisha.

Tuanze na michoro. Picha nyingi katika vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 zilipitia mikono kadhaa kabla ya kumfikia msomaji. Msafiri alichora haraka haraka njiani, kisha fundi wa kuchonga kule Ulaya, asiyewahi kukanyaga pwani yetu, akaijaza mistari iliyokosekana kwa mazoea ya karakana yake. Zipo zilizoepuka kasoro hiyo. Albamu iliyoambatana na taarifa ya Charles Guillain, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa aliyezunguka pwani hii kati ya 1846 na 1848, ilitegemea kwa sehemu picha za kamera za mwanzo kabisa, na nyuso zilizomo ni za watu halisi. Lakini picha ya namna hiyo, hata ikiwa nzuri vipi, hukuonyesha nyumba ilivyoonekana siku moja kutoka mahali pamoja. Ilivyojengwa ni habari nyingine.

Sasa chukua kazi ya Usam Ghaidan, msanifu majengo kutoka Iraq aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na kuzipima nyumba za mawe za Lamu. Katika ramani ya nyumba ya aina hiyo unaingia kwa daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unapinda kwenye tekani ili jicho la mpita njia lisifike ndani, kisha unatokea kiwandani, palipo wazi juu. Kutoka hapo vyumba virefu vinafuatana sambamba: msana wa tini, msana wa yuu, hadi chumba kiitwacho ndani. Vyote ni vyembamba, kwa kawaida havizidi mita 3 upana, na sababu iko darini. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa kuliko hiyo huku imebeba tabaka zito la matumbawe na chokaa. Mwenye mali aliweza kukirefusha chumba apendavyo, kukipanua hakuweza. Mchoro wa mkato, ule unaoipasua nyumba kama mtu akatavyo mkate, huonyesha pia sakafu ikipanda kidogo kila unapoingia chumba cha ndani zaidi, na ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ukikaa mbali na kiwanda, mahali ambapo mwanga unafika umefifia. Mpiga picha aliyesimama mlangoni atakuletea urembo wa zidaka. Uhusiano wa zidaka, sakafu, mwanga na urefu wa mkoko utaupata kwenye mchoro uliopimwa peke yake.

Kwa kazi za mikono mambo ni hayo hayo. Margaret Trowell na Klaus Wachsmann walipotoa Tribal Crafts of Uganda mwaka 1953, walitumia michoro ya mistari inayofuata ukili na uzi hatua kwa hatua, na mtu mwenye subira anaweza kuketi na vifaa akajaribu kukirudia kikapu kilichochorwa. Ulinganishe na The Peoples of Kenya cha Joy Adamson cha 1967. Adamson alichora mamia ya watu katika mavazi na mapambo yao kwa kazi aliyopewa na serikali ya kikoloni, na rangi zake ni ushahidi muhimu wa shanga na ngozi. Bado picha zake hazikufundishi shanga zilitungwaje. Kitabu chake kinapendeza zaidi mezani. Cha Trowell na Wachsmann kinafaa zaidi karakanani, na mkusanyaji wa vitabu vya ufundi anapaswa kujua anatafuta kipi kati ya hivyo viwili.

Uadimu nao una historia yake, na historia hiyo ni ya kisiasa. Vitabu viwili vya Ghaidan, Lamu: A Study of the Swahili Town cha 1975 na Lamu: A Study in Conservation cha 1976, vilitolewa na East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji lililoanzishwa 1948 kuhudumia nchi zetu tatu kwa pamoja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika likavunjika nayo. Kitabu cha pili kilikuwa hakijatimiza miaka miwili sokoni. Kenya Literature Bureau, iliyorithi upande wa Kenya na kuundwa rasmi kwa sheria ya 1980, ilijijenga juu ya vitabu vya shule, na utafiti wa nyumba za Lamu si kitabu cha shule. Mwaka ule ule wa 1977 tawi la Nairobi la Oxford University Press lilitoa African Traditional Architecture cha Kaj Blegvad Andersen, kuhusu nyumba na makazi ya mashambani Kenya. Mwaka 1979 Swahili Houses and Tombs of the Coast of Kenya, cha James de Vere Allen na Thomas Wilson, kikachapishwa London katika mfululizo wa makala za utafiti, mahali ambapo mnunuzi wa Nairobi asingekifikia kwa urahisi. Vitabu vya namna hii vilikuwa na wasomaji wachache waliovitumia sana, yaani wasanifu, wanafunzi na maofisa wa mipango. Kitabu cha kutumiwa hufa kwa kutumiwa.

Hapo ndipo penye pingamizi la kwanza: kwa nini mtu ahangaike na karatasi wakati kila kitu kiko kwenye intaneti? Ukweli ni kwamba si kila kitu kiko, na kilichokosekana ndicho ninachokizungumzia. Vitabu vya karne ya 19 vimetoka kwenye hakimiliki, kwa hiyo vingi vimepigwa picha na maktaba kubwa za dunia na vinasomwa bure. Sheria ya Kenya hulinda maandishi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, hivyo vitabu vya miaka ya 1970 kwa kawaida bado vimefungwa, na mchapishaji wa kuvifungua huenda hayupo tena. Ajabu ni kwamba mtu wa Westlands aweza kumsoma msafiri Richard Burton kwenye simu usiku huu, ilhali Ghaidan itambidi amtafute kwa miguu. Isitoshe, mchoro ulioandikwa 1:50 hupoteza maana ya namba hiyo mara tu ukikuzwa au kupunguzwa kwenye skrini, na ramani iliyokunjwa mara nyingi hupigwa picha ikiwa bado imekunjwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wengi wa waandishi hawa walikuwa wageni, na nyumba ya mawe ya Lamu ilikuwa ya waungwana. Mvuvi na mtumwa hawakulala penye zidaka. Hoja hiyo ni ya kweli na mkusanyaji asiikwepe. Jibu lake ni kupanua rafu: kitabu cha Andersen kuhusu nyumba za mashambani kikae kando ya Ghaidan, na Kenyan Pots and Potters cha 1989, kilichohaririwa na Jane Barbour na Simiyu Wandibba, kikae kando ya vyote viwili, kwa sababu vyungu huonyesha kazi ya mikono ambayo vitabu vya majumba huipita. Tena mchoro uliopimwa una uaminifu ambao maelezo hayana. Yeyote mwenye futi ya kupimia anaweza kwenda Lamu akamkosoa mwandishi, awe mgeni au mwenyeji.

Kwa mnunuzi, hoja hii inabadilisha ukaguzi. Kwenye inama za katikati ya jiji, ambako vitabu hupangwa chini kando ya barabara, au kwa muuza vitabu vya mitumba Hurlingham, jaketi safi lisimvutie mtu. Afungue kwanza orodha ya michoro, ahesabu moja baada ya nyingine, kwa kuwa ramani za kukunjwa ndizo hung'olewa na wanafunzi. Aangalie uti: vitabu vya gundi vya miaka hiyo hupasuka pale vilipokandamizwa kwenye mashine ya fotokopi. Karatasi ya kung'aa iliyowahi kupata unyevu hushikamana, na kuibandua ni kuichana. Muhuri wa maktaba uulizwe asili yake, maana kitabu cha umma kisichofutwa rasmi ni mali ya umma. Lakini alama za penseli za msanifu aliyesahihisha kipimo, mimi ningezilipia zaidi.

Kuna wanaosema kwamba mkusanyaji binafsi humnyang'anya mwanafunzi. Murumbi ndiye jibu, na onyo pia. Aliuza maktaba na mkusanyo wake wa vyombo kwa serikali katika miaka ya 1970, akitaka nyumba yake ya Muthaiga iwe taasisi ambamo kitabu na chombo vingekaa chini ya paa moja. Vitabu vilipona, taasisi haikuzaliwa, na nyumba ikabomolewa. Leo sehemu ya vyombo iko Moi Avenue na nyingine iko Nairobi Gallery, kwenye iliyokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa ya 1913. Anayetaka kukilinganisha chombo cha Gallery na kitabu cha Jumba la Kumbukumbu itambidi avuke katikati ya jiji.

Maktaba ya British Institute in Eastern Africa, Kileleshwa, ina nafasi yake katika hoja hii. Taasisi hiyo ndiyo iliyotoa mwaka 1966 utafiti wa Peter Garlake kuhusu majengo ya Kiislamu ya pwani, wenye ramani za misikiti na majumba zilizopimwa moja moja. Nje ya lango lake, nyumba za zamani za ghorofa moja zenye paa la vigae zinabomolewa kupisha maghorofa, Kileleshwa, Kilimani hadi Lavington. Ramani za nyumba hizo zilichorwa, zikapitishwa na jiji, na nakala nyingine bado ziko kwenye makabati ya wenye nyumba na ofisi za wasanifu. Mkusanyaji mwenye pesa kidogo angeanzia kwenye makabati hayo, wiki ile bango la mkandarasi linapowekwa, maana baada ya hapo makaratasi hutupwa pamoja na vifusi.