Umeya wa Mpanda hauombwi sokoni

Anayetaka umeya wa Mpanda ili aunyanyue mji hana jukwaa la kuwaomba wananchi kura hiyo, kwa sababu wananchi hawaipigi. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, meya huchaguliwa na madiwani miongoni mwao. Safari huanzia kwenye kata, Kashaulili au Nsemulwa, kwa kuomba udiwani, na wengi wenye ndoto kubwa za mji huishia hapohapo: wajumbe wa kura za maoni za chama wanauliza kisima na kalavati.

Akipita, mchujo mzito unafuata. Chama hurudisha majina, madiwani wake hupiga kura kwenye kikao chao, na mshindi hupelekwa mkutano wa kwanza wa Baraza la Madiwani. Chama kimoja kikiwa na viti karibu vyote, kikao hicho ndicho uchaguzi wenyewe, kura ya ukumbini ni kutimiza taratibu tu. Vyama vikikaribiana, hesabu inakuwa ya kichwa kwa kichwa. Dar es Salaam, Machi 2016, baada ya uchaguzi kuahirishwa mara kadhaa, Isaya Mwita wa Chadema alipata kura 84 dhidi ya 67 za mgombea wa CCM. Mvutano wote kabla ya hapo ulihusu nani ana haki ya kuingia ukumbini, maana wabunge nao ni wapiga kura. Januari 2020 Mwita aling'olewa.

Haya, joho limevaliwa. Meya anarithi mji ambao mengi yake yaliamuliwa kwingine. Mpanda yenyewe ilizaliwa na risasi, yale madini, na reli ya kutoka Kaliua ililetwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuyasafirisha. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki ikibeba watu na magunia. Kilichoubadilisha mji baadaye, Mkoa wa Katavi kuanzishwa mwaka 2012 na lami ya kwenda Tabora, kiliamuliwa nje ya ukumbi wa madiwani. Wakati huohuo idadi ya watu wa mkoa ilipanda kutoka 564,604 mwaka 2012 hadi 1,152,958 mwaka 2022. Viwanja, maji na madarasa havikwenda kwa kasi hiyo.

Meya hana saini ya kutoa hata shilingi moja. Afisa masuuli ni mkurugenzi, naye huteuliwa na Rais. Ukiniuliza, nguvu ya meya iko kwenye kiti cha mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, na mgombea makini angeanza kujiandaa kwa kiti hicho kabla hata ya kuchukua fomu. Pale ndipo taarifa ya makusanyo husomwa, na pale swali moja lina thamani kuliko hotuba kumi: mpunga wa Kakese na Mwamkulu umepita kwenye kizuizi cha ushuru mara ngapi, na mashine za POS za kukusanyia ushuru zinaonyesha nini? Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukaachwa upite bure kati ya halmashauri. Nafuu kwa mkulima, sawa kabisa, lakini mapato ya halmashauri yalipungua. Juu ya hapo, asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Meya akiahidi soko jipya bila kuzisoma hesabu hizi, ameahidi fedha za mtu mwingine.

Kigoma-Ujiji walijaribu njia tofauti. ACT-Wazalendo ilishika manispaa mwaka 2015, na mwaka uliofuata mji ukaingia kwenye mpango wa kimataifa wa uwazi serikalini, miongoni mwa miji na majimbo 15 ya kwanza duniani. Mwaka 2017 Tanzania ikajitoa kwenye mpango huo, na uamuzi haukuwa wa Kigoma.

Wazo la kutangaza makusanyo hadharani, hata hivyo, halihitaji mkataba wa kimataifa. Taarifa ya kila mwezi inaweza kubandikwa kwenye mbao za matangazo za kata zote, na Baraza likipitisha azimio la kufanya hivyo, kazi ya kulitekeleza ni ya mkurugenzi.