Picha Bila Maelezo: Uhakiki wa Usambazaji wa Picha za Kambi ya Benaco, Ngara

Sehemu hii inahakiki namna picha za kambi ya Benaco, wilayani Ngara, zinavyobadilika maana zinaposambazwa bila maelezo yake. Hoja inayotetewa ni kwamba maelezo si pambo la picha, bali ni sehemu ya ushahidi wake.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takribani Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Wengi wao walikuwa Wahutu waliokimbia majeshi ya RPF, na miongoni mwao walikuwamo walioshiriki mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wakati huohuo, maiti za waliouawa zilikuwa zikielea katika Mto Kagera, chini ya daraja hilohilo. Hivyo, mahali pamoja palizaa picha za waliouawa na picha za waliokimbia. Mtazamaji asiyeelezwa huziunganisha kuwa kisa kimoja cha wahanga.

Mbrazili Sebastião Salgado alipiga picha Benaco mwaka huo, na baadhi yake zimo katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uhamaji. Humo, maelezo ya picha yalitengwa katika kijitabu cha pembeni. Kijitabu kikipotea, hubaki moshi, mahema na nyuso tu. Mwaka 2003, Susan Sontag alimkosoa Salgado kwa kutowataja kwa majina watu aliowapiga picha. Ukosoaji huo una uzito, lakini kwa Benaco hautoshi, kwani jina lingeweza hata kumhatarisha mkimbizi. Kinachotangulia ni tarehe, mahali na sababu ya kukimbia. Ni kweli kwamba mambo hayo hayamtenganishi mtoto asiye na hatia na muuaji anayelala hema la jirani. Hata hivyo, humzuia mtazamaji asiwatakase wote wala kuwalaani wote.

Pasipo maelezo, Ngara nayo hufutika. Wenyeji ambao misitu, visima na mashamba yao yalibeba mzigo huo hawaonekani, na kambi huwa “Afrika” tu.

Kufikia mwishoni mwa Desemba 1996, wengi wa wakimbizi hao walikuwa wamerejeshwa Rwanda, lakini picha zingali zinasambazwa. Mtafiti anayezitumia bila kubainisha tarehe, mahali na muktadha hajatoa ushahidi. Ametoa hisia, na gharama yake huwaangukia wasio na nafasi ya kujibu.