Kilo 2.7 za Mvuto

Waipa za gari kuukuu zikianza kujikokota kiooni, mwenye haraka hutangaza kwamba mota imekufa. Fundi ninayemsifu hapa hana haja na mota kwanza. Mbele yake kuna MGB ya miaka ya mwanzo, kigari cha wazi cha viti viwili kilichoanza kuundwa mwaka 1962 huko Abingdon, Uingereza. Huchomoa mikono ya waipa, hutenganisha kebo na mota, hunasa ncha yake kwenye mizani ya ndoano, kisha huvuta polepole. Kitabu cha karakana kinataka mvuto usiozidi kilo 2.7. Ukizidi hapo, mota haina kosa. Imekuwa ikibebeshwa mzigo usio wake.

Utundu wa Lucas, kampuni iliyotengeneza mota hiyo, umo kwenye kebo. Mota huzunguka upande mmoja tu. Gia yake husukuma na kuvuta kebo iliyoviringiwa waya mgumu, wenye hesi kama za skrubu, ndani ya bomba jembamba linalopita nyuma ya dashibodi. Chini ya kila mkono wa waipa kuna kigia kinachouma hesi hizo, basi kebo ikienda na kurudi, mkono nao huenda na kurudi. Waingereza huikejeli Lucas kwa kila taa inayozimika barabarani, lakini kwa mpango huu mimi naivulia kofia.

Adui mkubwa ni grisi iliyozeeka. Ile iliyotiwa kiwandani imekauka, imeshikamana na bomba, na kebo inapita humo kwa kusukumana. Fundi huikwangua kwa kijiti, si kwa bisibisi, asije akakwaruza chuma. Huosha bomba kwa mafuta ya taa na kupitisha kitambaa kilichofungwa kwenye waya, tena na tena, hadi kitoke kisafi. Kisha huchunguza meno ya vigia. Mkono wa waipa haumalizi duara, kwa hiyo meno ya upande mmoja ndiyo yaliyolika, na ya upande wa pili hayajafanya kazi tangu gari litoke kiwandani. Hukigeuza kigia nusu duara na kukirudisha. Hakuna kipuri kilichonunuliwa! Hapo ndipo ninapomstaajabia hasa.

Mota yenyewe hufunguliwa mwisho, kwa ajili ya kaboni na shaba ambayo kaboni hizo huisugua. Lakini kabla ya kugusa kifuniko cha gia, fundi hukichora alama. Kibati cha mviringo kilicho juu yake ndicho kinachoamua waipa zilale wapi ukizima swichi. Kikirudishwa kikiwa kimezunguka kidogo, waipa zitalala katikati ya kioo, na dereva atakutafuta.

Waipa hufuta nje tu. Ndani, kioo hufungwa na ukungu wa pumzi za abiria, na kuuondoa ni kazi ya hita, ambayo MGB ilipoingia sokoni iliuzwa kama nyongeza ya kulipia. Kitufe cha kwenye dashibodi huvuta waya unaofungua vali nyuma ya kichwa cha injini, maji ya moto yakaenda kwenye hita. Kitufe kikiwa kigumu, usikilazimishe. Mara nyingi vali imeshikwa na kutu na uchafu wa maji ya injini, au waya umekauka ndani ya ala yake. Kuna hila nyingine: kibanio cha ala kikilegea, ala ndiyo inayosogea, waya unabaki palepale, na vali haina habari. Fundi hufunga vali kabisa, hugeuza kitufe hadi mwisho wa kufunga, ndipo anapokaza skrubu ya waya. Kazi ya dakika chache, mradi boksi la hita lisihitaji kutolewa. Likihitaji, mwombee. Wenye magari haya hutania kwamba Abingdon waliweka hita kwanza, gari wakalijenga kuizunguka.

Kwa hiyo, kama una gari la namna hii na waipa zimechoka, usikimbilie kuagiza mota. Tafuta mizani ya ndoano, chupa ya mafuta ya taa na grisi mpya, uitengee kazi hiyo siku nzima.