Ribosomu: "Zimo" au "Zipo"?

Katika miswada ya tafsiri za biolojia tunakutana na fasili isemayo kwamba ribosomu ni chembe zitengenezazo protini, nazo zimo ndani ya sitoplazimu na ndani ya retikulamu ya endoplazimu. Istilahi yenyewe, iliyobuniwa mwaka 1958 na kutoholewa kwa Kiswahili, haina taabu. Kasoro imo katika kutaja mahali.

Ribosomu nyingine huelea katika sitoplazimu, hizo zimo. Nyingine hushikamana na uso wa nje wa utando wa retikulamu; hizo zipo juu yake, hazimo ndani. Tofauti hii si ndogo: protini ndiyo ipenyayo utando na kuingia ndani, ribosomu hubaki nje. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa zimo ndani hataelewa protini hiyo inapenya nini.

Mkulima wa mwani wa Makunduchi atasema mwani wake uko kambani. Hatasema umo kambani. Lugha imekwisha kumpa mfasiri po, ko na mo. Kuzichanganya ni uzembe.

Fasili hiyo pia imesahau kwamba ribosomu zimo ndani ya mitokondria na kloroplasti, na kwamba bakteria, wasio na kiini, wanazo.

Tunapendekeza hivi: *ribosomu* (i-/zi-), chembe ya seli itengenezayo protini, huelea katika sitoplazimu, hushikamana na uso wa nje wa retikulamu ya endoplazimu, au huwamo ndani ya mitokondria na kloroplasti.